Mtoto Baada ya Ndoa ya Mateso: Nani Akae Naye, Nani Amuone, na kwa Utaratibu Gani?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, katika makala haya tunakusudia kueleza suala ambalo maimamu wengi huletewa, na ambalo mara nyingi hujibiwa kwa haraka kuliko linavyostahili. Nalo ni ugomvi juu ya kuwaona watoto baada ya mke kutoka katika ndoa ya kipigo na mateso.

Tuanze na mfano. Tumeutunga sisi wenyewe na hatumlengi mtu yeyote, lakini imamu aliyekaa mihrabuni miaka kadhaa hatauona mgeni. Mwanamke ameolewa Ngarenaro, mjini Arusha. Kwa miaka mingi amekuwa akipigwa na mumewe. Usiku mmoja anatoka na watoto wake wawili, binti wa miaka minne na mvulana wa miaka tisa, anakwenda kwa wazazi wake Usa River, chini ya Mlima Meru. Talaka inapita na eda inakwisha. Kisha yule bwana anaanza kuja mlangoni siku na saa anayotaka yeye, pengine saa nne za usiku, akidai kuwaona wanawe. Mama anafunga mlango. Wazee wa upande wa mume wanatuma ujumbe kwamba watoto ni wa ukoo na warudishwe. Upande wa mke nao wanaapa kwamba mtu yule hatawaona watoto hao maisha yake yote. Hapo anaitwa imamu. Aseme nini?

HAKI NNE ZISIZOCHANGANYWA

Kosa la kwanza linalofanyika katika mabaraza yetu ni kuchanganya mambo manne ambayo mafakihi wameyatenganisha.

La kwanza ni nasaba. Mtoto wa ndoa hunasibishwa kwa baba yake, na jambo hilo haliondolewi na talaka wala na ugomvi. La pili ni hadhana, yaani kumlea mtoto asiyeweza kujitegemea: kumlisha, kumsafisha, kumlaza na kumlinda na yanayomdhuru. La tatu ni nafaqa, yaani matumizi ya mtoto, ambayo yako juu ya baba. La nne ni haki ya yule mzazi asiyekaa na mtoto kumuona na kujua hali yake.

Anayesema "mtoto ni wangu, kwa hiyo akae kwangu" ametumia nasaba kudai hadhana. Anayesema "hutoi matumizi, kwa hiyo humuoni" amefanya nafaqa kuwa bei ya ziara. Na anayesema "sipewi mtoto, kwa hiyo sitoi kitu" amemnyima mtoto chakula ili kumwadhibu mama. Wote watatu wamekosea. Nafaqa ni haki ya mtoto, haingoji mama na baba wapatane. Hindu binti Utba (r.a.) alipomshitakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Hakuambiwa kwamba haki ya watoto inategemea hali ya maelewano kati yake na mume.

KIPIGO SI HAKI YA MUME

Kabla ya kufika kwa watoto, lazima tuseme wazi jambo ambalo wengine hulinong'ona. Wapo wanaoishika aya ya 34 ya Suratun Nisaa na kuifanya hati ya kupiga watakavyo. Hao wameacha kumtazama yule aliyeteremshiwa aya hiyo. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Na Fatima binti Qays (r.a.) alipomtaka shauri Mtume juu ya wanaume waliomposa, alimtahadharisha na Abu Jahm kwa sababu ya fimbo yake. Tabia ya kupiga ilikuwa aibu ya kutosha kutajwa wakati wa kuchagua mume.

Habiba binti Sahl (r.a.) naye, katika riwaya ya Abu Dawud, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) baada ya sala ya asubuhi, mumewe akiwa amempiga hadi akamvunja kiungo. Hakurudishwa nyumbani akasubiri. Mume aliitwa, akapokea mali aliyokuwa amempa, wakaachana. Wanavyuoni wa Kimaliki wamempa mke anayedhuriwa njia ya kumwendea kadhi na kudai talaka kwa sababu ya madhara. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, kinachosomeshwa katika darsa nyingi za Afrika Mashariki, kinaeleza kwamba mume na mke wakituhumiana kudhulumiana, kadhi huwachunguza kupitia mtu mwaminifu anayewajua, kisha humzuia aliyedhulumu. Msomaji amweke akilini huyu mtu mwaminifu, kwani tutamrudia.

Kwa hiyo mwanamke aliyekimbia kipigo na kuokoa nafsi yake asihukumiwe moja kwa moja kuwa nashiza, wala kutoka kwake kusifanywe sababu ya kumnyang'anya watoto.

HADHANA INAVYOKWENDA

Asili ya mlango huu ni hadithi ya Abdullah bin Amr (r.a.), iliyopokewa na Ahmad na Abu Dawud. Mwanamke alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba yeye ndiye aliyembeba mtoto tumboni, akamnyonyesha na kumlea mapajani, na sasa baba aliyemwacha anataka kumchukua. Mtume akamjulisha kwamba yeye ana haki zaidi madhali hajaolewa.

Wanafunzi waliosoma Matn Abi Shujaa wanakumbuka kwamba mtoto hukaa na mama mpaka miaka saba, kisha huhiyarishwa kati ya wazazi wawili. Wahanafi humwacha mvulana kwa mama hadi miaka saba na binti hadi karibu na kubaleghe. Wamaliki humwacha mvulana hadi abaleghe na binti hadi aolewe. Mahanbali humhiyarisha mvulana anapofika miaka saba, na binti humpeleka kwa baba. Umri unatofautiana, lakini wote wameafikiana kwamba mtoto mchanga mahali pake pa kwanza ni kwa mama, maadamu anafaa.

Neno "anafaa" ndilo lenye uzito. Abu Shujaa ametaja sharti saba za mlezi: akili, uhuru, dini, kujihifadhi na machafu, uaminifu, kuwa mkazi wa mahali, na mama kutokuwa ameolewa na mume mwingine. Likikosekana moja, haki huanguka. Sharti hizi, isipokuwa lile la ndoa, zinamhusu baba kama zinavyomhusu mama. Mtu ambaye kipigo chake kimethibiti, anayelewa, au anayewapiga watoto wenyewe, hawezi kusema kwamba sharti la uaminifu halimgusi kwa kuwa yeye ni mwanamume.

Mama akiolewa tena, wengi hudhani mtoto anahamia kwa baba siku hiyohiyo. Kwa Mashafii sivyo kwa mtoto ambaye hajafikia umri wa kupambanua. Haki humwendea kwanza bibi mzaa mama ikiwa anafaa. Na mume mpya akiwa ni jamaa wa mtoto mwenye haki ya kulea, kama ami yake, na akaridhia, haki ya mama haianguki.

Ama kuhiyarishwa, asili yake ni mvulana aliyepewa hiari mbele ya Mtume (s.a.w.), akaushika mkono wa mama yake. Lakini hiari si kura ya kufunga macho. Ibnul Qayyim amesimulia katika Zadul Maad, kutoka kwa mwalimu wake Ibn Taymiyya, kisa cha mvulana aliyemchagua baba mbele ya hakimu. Mama akaomba aulizwe sababu. Mtoto akaeleza kwamba mama humpeleka kwa mwalimu kila siku, na baba humwacha acheze na wenzake. Hakimu akamkabidhi kwa mama. Funzo ni kwamba mtoto asikilizwe, lakini aulizwe pia kwa nini. Mtoto aliyeona mama yake akipigwa anaweza kumchagua baba kwa hofu, na mwingine anaweza kumkataa baba kwa kufundishwa maneno. Aulizwe faraghani, na mtu mpole, si mbele ya wajomba na maami waliokunja nyuso.

KISA CHA ASIM BIN UMAR

Hapa historia inatupa somo kubwa. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa na mke katika Maansari aliyemzalia mtoto aitwaye Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alifika Quba akamkuta mwanawe anacheza uwanjani mwa msikiti. Akamshika mkono na kumpandisha juu ya mnyama wake. Bibi mzaa mama wa mtoto akamkimbilia, wakavutana, mpaka wakafika kwa Abu Bakr (r.a.), ambaye wakati huo alikuwa khalifa. Kila mmoja akadai kwamba mtoto ni wake. Abu Bakr akamwamuru Umar amwachie bibi yule mtoto. Umar hakujibu neno.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, mchukuaji hakuwa mtu duni. Alikuwa Umar, mwenye dini na hadhi isiyo na shaka, na bado hakuruhusiwa kumchukua mtoto kwa mkono wake. Pili, mwanamke mzee hakuogopa cheo chake, na khalifa hakumuona mkosa adabu. Tatu, Umar alinyamaza na kutii. Na mtoto yule hakupotea kwa kulelewa upande wa mama: binti wa Asim ndiye aliyemzaa Umar bin Abdulaziz, khalifa aliyesifika kwa uadilifu.

Ikiwa Umar alizuiwa, vipi leo mtu amvizie mtoto nje ya madrasa, ampakie katika gari na kumvusha mpaka wa Namanga, kisha aseme kwamba anatekeleza haki yake ya kisheria?

HAKI YA KUMUONA MTOTO NA MIPAKA YAKE

Sasa tufike kwenye kiini. Mzazi asiyekaa na mtoto hakatwi naye. Kitabu cha Minhaj kinaeleza kwamba mvulana aliyemchagua mama hulala kwa mama, na mchana huwa kwa baba ili amfundishe adabu na kazi. Binti aliyemchagua mama hukaa kwa mama usiku na mchana, na baba humzuru kwa desturi inayokubalika. Mtoto akiwa kwa baba, mama hazuiwi kumtembelea kila baada ya siku kadhaa, na baba akiona uzito mama huyo kuingia nyumbani mwake, humtolea mtoto nje amuone. Kumkata mtoto na mzazi wake bila sababu ni kukata udugu, na ni dhambi, awe aliyefanya hivyo ni baba au mama.

Lakini maneno "kwa desturi inayokubalika" yana maana. Ziara ya saa nne za usiku si desturi. Ziara ya mlevi si desturi. Ziara ambayo mgeni anamtukana mama mbele ya mtoto imekwisha kutoka katika ziara na kuingia katika madhara. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile. Na kanuni inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa fiqhi ni kwamba madhara huondolewa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Baada ya eda kwisha, yule aliyekuwa mume sasa ni ajnabi kwa mwanamke yule. Hana ruhusa ya kuingia nyumbani mwake bila idhini wala ya kukaa naye faragha. Maana yake ni kwamba sheria yetu yenyewe, kabla ya sheria ya serikali, inataka makabidhiano ya mtoto yawe mbele ya maharimu au mtu wa tatu. Mama anayesema "nitamtoa mtoto mbele ya kaka yangu, si mimi peke yangu" hajamkatili baba; amefuata hukumu.

Hapa ndipo tunapomrudia yule mtu mwaminifu wa Minhaj. Ikiwa kadhi aliweza kumweka mwaminifu awachunguze mume na mke wangali katika ndoa, basi kumweka mwaminifu asimamie ziara baada ya talaka ni jambo linalokwenda na roho ya fiqhi ileile. Kwa hiyo tunasema: hofu ikithibiti, haki ya baba ya kumuona mtoto haifutwi kwa jumla, bali namna yake hubadilishwa. Mahali pawe nyumbani kwa jamaa mwadilifu au pengine penye watu. Siku na saa vijulikane. Mtoto mdogo asilale huko mpaka amani ionekane. Na ikiwa aliyedhuriwa ni mtoto mwenyewe, kwa kipigo kikali au kwa uchafu mkubwa zaidi, basi ziara isimamishwe na jambo lipelekwe kwa wenye mamlaka, kwa sababu hakuna haki ya mzazi iliyowekwa ili kumwangamiza mtoto.

HOFU YA KWELI NA HOFU YA KUDAIWA

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Wako akina mama wachache wanaotaja kipigo kisichokuwepo ili kumkomoa baba, na wako wanaomfundisha mtoto kumchukia. Imamu asiwe mwepesi wa kukanusha wala mwepesi wa kuhukumu. Aulize majirani, aulize mjumbe wa mtaa, atazame kama kulikuwa na fomu ya polisi namba 3, ile PF3, na matibabu hospitalini. Lakini asidai mashahidi waliosimama chumbani, kwani kipigo cha nyumbani hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Wala tatizo hili si dogo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16, wanawake wapatao 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walieleza kuwa wamewahi kupigwa tangu walipofikia miaka 15.

MILA YA UKOO

Katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, wakiwemo Waarusha na Wameru, mahari ya ng'ombe na nafasi ya mtoto katika ukoo vina uzito mkubwa. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 nalo liliandikwa kwa msingi kwamba watoto ni wa upande wa baba. Muislamu wa Arusha au Arumeru anaweza kuuheshimu ukoo wake, na sheria inamkubalia nasaba. Lakini mahari katika Uislamu ni haki ya mke mwenyewe, si bei ya watoto atakaowazaa. Mzee anayesema "tulitoa ng'ombe, turudishiwe watoto" anazungumza mila, na asiivishe mila hiyo kilemba cha dini.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Zamani Tanganyika ilikuwa na mahakama za maliwali na makadhi. Ziliondoka baada ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 kuunganisha mfumo wa mahakama. Zanzibar Mahakama ya Kadhi imebaki na ina sheria yake, Na. 9 ya 2017, na Kenya imeitaja katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Tanzania Bara kadhi wa BAKWATA hushauri na kusuluhisha, lakini hana askari wa kutekeleza uamuzi wake. Ndiyo maana suluhu ya msikitini, ikikataliwa na mmoja, haimlindi mtoto.

Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kabla ya shauri la talaka kwenda mahakamani, wanandoa hupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa na sheria, na mabaraza ya jumuiya za dini yanaweza kutambuliwa kwa kazi hiyo. Kifungu cha 125 kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, kisha matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto aliyefikia umri wa kuyatoa, na desturi za jamii yao. Kinachukulia pia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni bora akae na mama, ila ikithibitishwa vinginevyo. Msomaji aone jinsi miaka saba hiyo inavyokutana na miaka saba ya Abu Shujaa.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inamruhusu mzazi kuomba mahakamani amri ya kukaa na mtoto au ya kumuona kwa nyakati maalumu, na inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa anayekaa naye kisheria. Ofisa ustawi wa jamii anaweza kutakiwa na mahakama achunguze hali ya nyumba zote mbili. Kwa kipigo, yapo Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Na asiye na uwezo wa wakili anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kwenda huko si kumkimbia Mungu. Ni kumtafutia mtoto kinga ambayo imamu hana uwezo wa kuitoa.

TUREJEE USA RIVER

Sasa imamu wetu aliyeitwa afanye nini? Kwanza, asilazimishe rujua wala ndoa mpya kwa jina la sulhu. Mapatano yanayomrudisha mtu kwenye kipigo hayakusuluhisha kitu. Pili, awatenganishe wagombanao, amsikilize kila mmoja peke yake. Tatu, awaambie wazee wa ukoo kwamba binti wa miaka minne yuko kwa mama kwa hukumu ya fiqhi na ya nchi, na kwamba mvulana wa miaka tisa atasikilizwa kwa faragha. Nne, amwambie mama na ndugu zake kwamba kiapo cha kumkata baba maisha hakifai. Kwa kuwa ni kiapo cha kukata udugu, wakivunje na watoe kafara. Tano, aandike mapatano: kwa mfano kila Jumamosi baada ya Adhuhuri hadi Alasiri, nyumbani kwa mjomba au mzee anayekubaliwa na pande zote, mama asikutane na baba, na matumizi yapelekwe kwa tarehe maalumu mbele ya shahidi. Sita, mapatano hayo yapelekwe mahakamani yawe amri, ili atakayeyavunja ajue kuna wa kumuuliza.

Na baba huyo aambiwe kwa upole kwamba mlango wa toba uko wazi. Akija kwa saa aliyopangiwa mwezi hadi mwezi, bila matusi na mkono wake ukiwa umetulia, basi uaminifu wake unaanza kujengwa upya, na masharti yanaweza kulegezwa kwa kadiri hiyo. Mtoto yule atakuja kuwa shahidi wa wazazi wake wote wawili, duniani na mbele ya Mola wake. Tumuombe Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape subira waliodhulumiwa na awaongoe waliodhulumu.

Wallahu aalam.